Copland alisafisha: nani alichimba?

Wandugu wafanyakazi, wamama, na ninyi vijana munaosoma ukurasa huu wakati baba iko ku kazi. Watu wa sendika tumezoea kusema juu ya mushahara, buti, kofia na dawa. Leo nitasema juu ya muziki ya orkestra kubwa, ile inaitwa klasiki, na juu ya Mumarekani mumoja, mutunzi Aaron Copland. Mwenye kusema "ile haituangalie" anigojee kidogo.

Habari hii iko habari ya majiwe na ya usine. Iko habari ya kujua nani anachimba, nani anasafisha, na jina la nani linaandikwa ku mufuko wakati mali inatoka. Mu mambo ya namna ile, sisi watu wa mugodi tuna neno la kusema.

Wenye kujua muziki wanasema Copland njo alipatia Marekani sauti yake mu muziki ya klasiki. Wanamuita mukubwa wa watunzi wa Marekani. Minakubali, alifanya kazi kubwa. Lakini minataka tuangalie ile kazi sawa vile tunaangalia kipande cha shaba: kilitoka wapi, kilipita mu mikono ya nani, na nani alilipwa heshima.

Tuanze na mutu mwenyewe. Copland alizaliwa tarehe 14 Novemba 1900 mu Brooklyn, sehemu moja ya muji wa New York. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, familia zao zilitoka mu ufalme wa Urusi. Baba alikuwa na duka, na nyumba yao ilikuwa juu ya duka. Aaron alikuwa wa mwisho kati ya watoto 5. Hakuzaliwa mashambani kati ya ng'ombe na farasi. Mushike neno hilo, tutalirudilia.

Wakati ule, mu Marekani muziki ya orkestra ilikuwa kama bidhaa ya kuagiza inje. Simfonia zilitoka Ujerumani, opera zilitoka Italia. Mumarekani mwenye kutaka kuheshimiwa ilibidi aende kusoma Ulaya, arudi na cheti. Wandugu, ile si tunaijua? Majiwe yanatoka kwetu, lakini mwenye kuambiwa "wewe njo fundi" ni yule alisoma kule majiwe yanaenda.

Mu 1892, mama mumoja tajiri, Jeannette Thurber, alimuita mutunzi Antonín Dvořák kutoka Bohemia aje kuongoza shule yake ya muziki mu New York. Mu 1893 Dvořák aliwaambia Wamarekani kama muziki yao ya kesho inapashwa kujengwa juu ya nyimbo za watu Weusi wa inchi yao. Mwanafunzi mumoja Mweusi, Harry Burleigh, njo alikuwa anamuimbia zile nyimbo. Ni kusema mugeni njo alikuja kuwaonyesha wenye nyumba kama wamekalia shaba. Wengi hawakupenda kusikia ile, juu shaba yenyewe ilikuwa mu mikono ya watu waliodharauliwa.

Copland naye alipanda meli mu 1921, akaenda Ufaransa. Alisoma kwa mwalimu mumoja mwanamuke, Nadia Boulanger, kwanza mu Fontainebleau, kisha mu Paris. Alikaa kule miaka mitatu. Mwalimu yule alimukaza sana mu kazi: kuandika kwa usafi, kutupa noti isiyo na faida. Na kule Paris kijana aliona kitu. Muziki ya Wafaransa ilisikilika ya Kifaransa. Muziki ya Stravinsky ilisikilika ya Kirusi. Akajiuliza: mbona yetu haisikilike ya kwetu? Ilibidi aende mbali kusudi aulize ulizo la nyumbani.

Alirudi mu 1924. Kwanza alijaribu jazi. Aliandika muziki ya teatre mu 1925, na konserto ya piano mu 1926, na ndani yake mapigo ya jazi ya watu Weusi. Wenye elimu walishangaa, wengine wakakasirika. Lakini watu wa kawaida hawakusikia kitu, juu hawakuwa wanaingia mu zile sale. Copland alikuwa anaandika kwa watu wachache wanaojuana.

Njo ikaja shida ya uchumi. Mu 1929 bei ya hisa ilianguka mu New York, na mu 1933 karibu mufanyakazi mumoja kati ya 4 mu Marekani hakuwa na kazi. Usine zilifunga. Watu walipanga mustari kupewa mukate na supu. Mu miaka ile Copland alianza kusikia haya ya kuandikia watu wachache. Aliona radio na gramofoni zimeingia mu nyumba za watu, na kama watu wapya wanasikiliza, lakini watunzi wanaendelea kusemezana wenyewe kwa wenyewe. Akaamua kusema mambo yake kwa maneno mepesi iwezekanavyo.

Hakuamua kwa mudomo tu. Mu 1934 alitunga wimbo wa sikukuu ya wafanyakazi, tarehe 1 Mei, na gazeti moja la watu wa kushoto likauchapa. Mu 1937 alitoa opera ya kuchezwa na wanafunzi wa shule, na mwaka uleule muziki ya radio. Mu 1939 alitoa kitabu cha kufundisha mutu wa kawaida namna ya kusikiliza muziki. Mutu mwenye kuandika kitabu cha namna ile anaamini kama masikio ya mufanyakazi iko masikio mazima.

Tena alienda Mexico, kwa rafiki yake mutunzi Carlos Chávez. Kule aliingia mu sale moja ya kucheza dansi, fasi watu wa muji walikuwa wanacheza kila mutu kufuatana na mufuko wake. Akatoka na muziki yenye jina la ile sale, El Salón México, ikachezwa kwa mara ya kwanza kule Mexico mu 1937. Ile ilimufundisha namna ya kushika wimbo wa watu, kuukata, kuugeuza, na kuuweka mu orkestra bila kuuua. Kisha akarudilia kwao.

Mu 1938 alitunga muziki ya baleti juu ya Billy the Kid, mwizi mwenye bunduki wa Magharibi ya Marekani. Alipewa vitabu vya nyimbo za wachunga ng'ombe, na alianza kuandika muziki ile akiwa Paris! Mutoto wa duka la Brooklyn, mu chumba cha Ufaransa, anaandika sauti ya majani marefu ya Magharibi. Mu 1942 ikakuja baleti ya Rodeo, ya mucheza-dansi Agnes de Mille. Mu 1944 ikakuja Appalachian Spring, ya Martha Graham, ikachezwa mu Washington na watu 13 tu wa vyombo, juu fasi ilikuwa ndogo. Mu 1945 ile ya mwisho ikamupatia zawadi ya Pulitzer.

Mutauliza: ile sauti "ya Kimarekani" iko namna gani? Nitaieleza kwa namna ya mutu wa mugodi. Watunzi wengi wa Ulaya wa mbele yake walikuwa wanajaza. Sauti juu ya sauti, sawa kamyo yenye kupakiwa mpaka inalia. Copland alipunguza mizigo. Aliweka sauti ya chini kabisa na sauti ya juu kabisa, na katikati akaacha wazi. Ukisikiliza, unasikia sawa umetoka mu shimo la mugodi asubuhi na unaona mbingu yote kwa mara moja. Halafu akachukua mapigo ya jazi yenye kuruka, akayaweka mu miguu ya wachunga ng'ombe. Na juu ya vyote akaweka wimbo ambao mama anaweza kuimba akifua nguo. Tangu pale, hata filme za Amerika zenye farasi na jangwa ziliiga sauti ile. Leo mutu akisikia, anajua: hapa ni Marekani.

Sasa tufike mwaka wa 1942, juu unatugusa karibu.

Marekani ilikuwa imeingia mu vita. Eugene Goossens, mwenye kuongoza orkestra ya Cincinnati, aliomba watunzi waandike fanfare fupi za kufungua mikutano ya muziki. Zilitoka 18. Watunzi wengine waliandika kwa sifa ya askari, ya warusha ndege, ya wanamaji. Copland aliandika yake kwa sifa ya mutu wa kawaida. Ilichezwa tarehe 12 Machi 1943, siku chache mbele ya tarehe ya mwisho ya kulipa kodi. Goossens njo alichagua siku ile, na Copland alifurahi: kama kuko siku ya kumupatia mutu wa kawaida heshima, basi iwe siku anatoa franga zake.

Watu wetu wanajua fanfare, juu ku shule na ku sikukuu tunaziona zinapita mu barabara. Hii ya Copland iko ya dakika tatu hivi. Inachezwa na vyombo 11 vya kupuliza, pamoja na ngoma na gongo kubwa ya chuma chenye kulia. Tarumbeta na ndugu zake zinatengenezwa na nini? Na laiton, ni kusema shaba na zinki. Gongo inatengenezwa na bronzi, ni kusema shaba na bati. Bakuli za ngoma za orkestra, kawaida ni shaba. Mutu wa Kipushi, ambako shaba na zinki vinatoka mu shimo moja, akisikiliza muziki ile anasikiliza kazi ya mikono ya wachimbaji wenziwe wa dunia nzima. Sisemi shaba ya zile tarumbeta ilitoka kwetu. Minasema tu kama hakuna fanfare ya mutu wa kawaida bila mutu wa kawaida mu mugodi.

Na minakumbusha hii: mu Desemba 1941, mbele ya kuandikwa kwa ile fanfare, wafanyakazi Weusi wa Union Minière waligoma mu Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Waliomba mushahara. Askari wakapiga risasi, na watu wengi wakakufa. Shaba ya Katanga ikaendelea kwenda kusaidia vita ya wale walisema wanapigania uhuru. Hakuna tarumbeta iliwapigia. Copland hakuwa na kosa mu ile, hakuipanga na sijui kitu kinachoonyesha kama aliisikia. Lakini mufanyakazi wa Lubumbashi akisikia jina "mutu wa kawaida" ana haki ya kuuliza: na sisi tulikuwa ndani?

Njo tunafika ku neno langu kubwa.

Mu baleti ya Rodeo kuko sehemu ya mwisho, Hoe-Down, ni kusema dansi ya kijiji. Labda njo muziki ya Copland yenye kujulikana zaidi. Ilitangaza nyama ya ng'ombe ku televizyo ya Marekani, na vijana wa muziki ya rock waliicheza. Wimbo wake ulitoka wapi?

Ulitoka mu Salyersville, mashariki ya Kentucky, inchi ya milima na ya makaa ya mawe. Mu 1937, Alan Lomax na bibi yake Elizabeth walifika kule na mashini ya kushika sauti, wametumwa na maktaba kubwa ya serkali ya Washington. Walimukuta muzee mumoja wa violoni, William Hamilton Stepp. Stepp aliwapigia wimbo wa zamani unaoitwa Bonaparte's Retreat. Wapigaji wengine walikuwa wanaupiga polepole, sawa askari wanarudi nyuma wamechoka. Stepp aliupiga mbio, kwa mukono wake mwenyewe, mpaka ukageuka dansi.

Mashini ikashika. Kisha mama mumoja, Ruth Crawford Seeger, yeye mwenyewe mutunzi, alikaa akasikiliza ile sahani, akaandika kila noti vile Stepp alipiga. Ile kazi inaumiza masikio na mugongo. Maandiko yake yalitoka mu kitabu mu 1941. Copland akafungua kitabu, akaona wimbo, akaupeleka mu orkestra, karibu noti kwa noti. Mu Oktoba 1942 New York ikasimama kupiga makofi.

Hesabuni pamoja na mimi. Stepp alichimba. Lomax alipakia mu kamyo. Ruth Crawford Seeger alisaga na kupanga. Copland aliyeyusha na kumwanga. Watu wane na zaidi ku kazi moja. Na ku mufuko limeandikwa jina moja.

Mutasikia watu wanajibu: "Ule ulikuwa wimbo wa kienyeji, hauna mwenyewe." Hapo njo minasimama. Wimbo wa zamani, ndiyo, haukuwa wa Stepp. Lakini ile mbio, ile namna ya kugeuza huzuni kuwa dansi, ilikuwa yake. Neno "folklore" liko sawa neno "artisanal" juu ya ba-creuseur wetu: linasikilika kama sifa, lakini linafuta jina. Mali ya usine kubwa ina jina la kampuni. Mali ya creuseur iko "artisanal" tu, na mwenyewe hajulikani. Vilevile simfonia ina mutunzi, lakini wimbo wa violoni ya mulimani uko "wa watu".

Wengine watasema: "Bila Copland, nani angesikia ule wimbo?" Ile ni kweli, na siikimbie. Majiwe mu bulongo hayapitishi umeme. Copland aliweka miaka mingi ya masomo. Mu Hoe-Down alianza na sauti sawa violoni nyingi zinajipanga mbele ya dansi. Alijua fasi gani tarumbeta inaingia na fasi gani wote wananyamaza. Mutu wa sendika mwenye kusema kazi ya usine si kazi, huyo hajui kazi. Tunasema tu kama kazi ya usine haifute kazi ya shimo. Moja bila ingine ni bure.

Tena simushitaki Copland kuwa mwizi. Hakuficha kama alikuwa anatumia nyimbo za watu. Wimbo wa Washaker, wale watu wa dini waliokuwa wanaishi pamoja na kugawana vyote, aliuweka mu Appalachian Spring na dunia ikajua kama ni wa Washaker. Uliandikwa mu 1848 na mutu mwenye jina, Joseph Brackett. Ona basi: ule una jina juu watu wa dini yake walilitunza. Mu Harlan, sehemu ingine ya Kentucky, mu 1931, wakati wachimbaji wa makaa na wakubwa wao walifikia kupigana na bunduki, Florence Reece, bibi wa mwana-sendika, aliandika wimbo wa wachimbaji. Unaimbwa mpaka leo na jina lake linatajwa, juu sendika zililitunza. Jina halipotei lenyewe. Linapotea juu hakuna mutu aliyepewa kazi ya kulichunga.

Na kuko wengine mu hesabu hii. William Grant Still, mutunzi Mweusi, simfonia yake yenye musingi wa blues ilichezwa mu Rochester mu 1931. Florence Price, mwanamuke Mweusi, simfonia yake ilichezwa na orkestra kubwa ya Chicago mu 1933. Hao wawili walifika mbele ya Billy the Kid, na walichimba fasi Dvořák alionyesha. Lakini kwa miaka mingi, wakati watu walisema "sauti ya Marekani", walimaanisha wachunga ng'ombe wa Copland. Taifa linachagua pia masikio yake. Muulize kila mara nani alichagua.

Na taifa lenyewe lilimulipa Copland namna gani? Mu 1942 alikuwa ametunga pia Lincoln Portrait, muziki yenye musomaji anayesoma maneno ya rais Lincoln. Mu Januari 1953, ile muziki ilipangwa kuchezwa wakati rais Eisenhower anaingia mu kiti. Mubunge mumoja akasema Copland alikuwa karibu na wakomunisti, na muziki ikaondolewa. Mu Mei ya mwaka uleule akaitwa mbele ya kamati ya seneta McCarthy. Wakamuuliza juu ya mikutano yake na watu wa kushoto ya miaka ya njaa. Alijibu kama hakuwa mukomunisti. Ona: mutu aliyepatia inchi sauti yake, wakamuuliza kama yeye ni mwana wa inchi kweli. Mu 1964 inchi ileile ikamupatia medali kubwa ya rais. Alikufa tarehe 2 Desemba 1990.

Minasema ile juu ya kitu kimoja. Sauti ya mashamba ya Marekani ilitengenezwa na mwana wa wahamiaji, Muyahudi wa muji, aliyesoma Ufaransa na kufundishwa sikio mu Mexico. Kwetu tunajua ubaya wa kuuliza mufanyakazi mwenzako "baba yako alitoka wapi?" Mu kampi za wafanyakazi watu walitoka pande zote, wakafanya lugha moja hii munasoma. Mali ya taifa haiulize kabila ya mikono iliyoitengeneza. Inauliza tu kama kazi ilifanywa vizuri.

Turudi nyumbani, juu kuko mufano unaofanana sana. Mu 1952, mu Jadotville, leo Likasi, muzungu Hugh Tracey alifika na mashini ya kushika sauti, sawa Lomax kule Kentucky. Akamushika Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke na gitare yake. Wimbo wake Masanga ukazunguka dunia. Mwalimu mumoja wa inje, David Rycroft, akaandika noti zake moja kwa moja, sawa Ruth Crawford Seeger alivyoandika za Stepp. Lakini kuko tofauti: jina la Mwenda lilibaki juu ya kazi yake. Vijana wa inje wanaojifunza gitare wanalijua. Ulizeni vijana wa Likasi wangapi wanalijua.

Wala tusiseme orkestra si ya watu wetu. Mu Kinshasa kuko Orkestra Simfoniki ya Wakimbanguisti, ilianzishwa mu 1994 na Armand Diangienda. Watu wa kazi za kila siku wanashika violoni mangaribi kiisha kazi. Usine iko, wandugu. Inagoja tu majiwe ya kwetu, na wenye kuyaleta wakiwa na majina.

Basi minaomba mambo matatu, na hayaombi franga mingi.

Kwanza, ku sendika zetu na ku korali za kampi: andikeni nyimbo za kazi ambazo wazee wetu wanazikumbuka, na kando ya kila wimbo muandike jina la muzee aliyeimba, fasi na mwaka. Telefone ya mutoto wako iko na mashini nzuri kuliko ya Lomax. Wazee wanaondoka kila mwezi, na hakuna mutu wa Washington atakuja kuwagojea.

Pili, ku waalimu: mukifundisha watoto juu ya watunzi wakubwa, muwafundishe Copland, juu anastahili. Lakini mumufundishe pamoja na Stepp, siku moja, mu somo moja. Mutoto wa creuseur aelewe kama mukubwa alisimama juu ya mabega ya mutu wa mulimani.

Tatu, ku wanamuziki wetu wanaochukua wimbo wa kijiji na kuupeleka ku studio: jina la mwenye kukufundisha liandikwe, na akiwa muzima, agawiwe. Siwezi kusimama mbele ya kampuni niombe mugao wa wachimbaji kama sisi wenyewe tunakula jasho la babu zetu kimya.

Copland alipigia mutu wa kawaida tarumbeta, na minamushukuru. Dakika tatu za heshima si kidogo kwa mutu ambaye kila siku anaitwa na namba yake ya kazi. Lakini mutu wa kawaida si namba, wala si "watu". Yule wa Kentucky alikuwa anaitwa William Hamilton Stepp. Wako wetu pia wana majina. Jumapili hii, mukikaa na muzee, mumuombe aimbe wimbo mumoja wa kazi, na muandike jina lake juu ya karatasi mbele ya kuanza.